Sakafu ya Chumba cha Mama

Habari ya kifo cha Fundi Laurenti ilitufikia tukiwa tunakula, na mume wangu Hamisi akaendelea kumenya muhogo wake kana kwamba hakusikia. Nikamwacha. Miaka ya ndoa imenifundisha kwamba habari mbaya humwingia mtu huyu kwa kuchelewa, na akiharakishwa hukasirika. Alipomaliza akanawa, akafuta mikono, akasema, "Laurenti alikuwa fundi," basi, akatoka. Kesho yake tulipanda Kalinzi kumzika. Kule milimani kulikuwa na ukungu, watu wamejitanda mablanketi, wanakunywa kahawa ya mashambani mwao, na kila aliyetupa mkono alitaka kujua sisi Waislamu wa mjini tulijuana vipi na marehemu. Hamisi aliwajibu, "Alitujengea nyumba." Mimi nilitazama chini. Jibu langu lingekuwa refu mno kwa mahali pa msiba, na pengine lisingependeza mbele ya mjane. Nimerudi nalo nyumbani, na sasa nalitoa.

Mwaka Laurenti alioijenga nyumba ile ndio mwaka nilioolewa. Nani alimposa nani, na ukoo gani umetoka wapi, hayo yaliulizwa na kumalizwa kwenye posa, sina haja ya kuyarudia. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini mwenye ulimi mwepesi, nikaingizwa katika nyumba ambayo haikuwa nyumba bado. Ilikuwa Bangwe, hapa Kigoma, upande unaoteremkia ziwani, karibu kiasi kwamba asubuhi tulisikia wavuvi wakibishana juu ya nyavu. Tulihamia kabla ya wakati kwa sababu nyumba ya udongo ya mama mkwe wangu, kule Ujiji, ilikuwa imebomoka ukuta wa nyuma. Paa la nyumba mpya lilikuwepo, nondo za madirisha zilikuwepo, lakini hapakuwa na kioo hata kimoja, na chini kulikuwa na zege la kukwaruza nyayo. Chumba kimoja, cha mwisho kwenye korido, hakikuwa hata na hilo zege. Simenti ilikwisha kabla ya kukifikia, kikabaki na udongo ulioshindiliwa tu. Tulikula ugali wa muhogo na samaki wa ziwani, migebuka, kwa mawese tukiwa tumekaa juu ya mifuko ya simenti, na kila tonge lilikuja na vumbi lake.

Mama mkwe nilimwita Mama tu, na nitaendelea kumwita hivyo. Alikuwa mrefu, amekonda mwili mzima isipokuwa tumbo, na lile tumbo ndilo lililokuwa likimuua. Madaktari walilifungua, wakatazama, wakalifunga, wakatuambia tukae naye nyumbani. Sote tulielewa maana yake. Hamisi alielewa vingine. Yeye alisikia neno "nyumbani," akaona ameagizwa aimalize nyumba haraka. Alikuwa mnunuzi wa dagaa ufukweni Kibirizi, kazi ya kuamka kabla ya jua, na akirudi amechoka hivyo hivyo alivua viatu na kuanza kubeba mchanga. Nilikuwa sijamzoea bado, nikadhani ni bidii. Ilikuwa woga. Alifikiri kwamba mtu hawezi kufa katika nyumba ambayo bado inajengwa kwa ajili yake.

Nasikia kwingine watu hujenga kwa mpangilio, hiki kwanza na kile baadaye. Kwetu mtu hujenga alichokipata siku aliyokipata. Hamisi alikuwa amepata mbao nzuri za mninga kutoka Kasulu wakati nyumba iko kwenye msingi, akazikimbiza kwa seremala kabla hazijapinda wala kuibwa. Kwa hiyo milango yetu ilikuwa na umri mkubwa kuliko kuta. Ilisimama sebuleni imeegemezwa, imefunikwa turubai, yote ya kimo kimoja, mizito, mizuri hasa, ikisubiri sakafu ije ijipime kwake. Nilikuwa nikipita nalia wivu, maana mume wangu aliipapasa ile milango kuliko alivyonipapasa mimi.

Siku ya kupima sakafu Fundi Laurenti alikuja asubuhi, akabisha "Mwakeye!", salamu ya Kiha, kwenye tundu ambalo lingekuwa mlango wa mbele. Alikuwa mtu mwembamba, nadhifu, shati limechomekwa hata akiwa juu ya jukwaa, na majivuno ya kazi yake yalikuwa makubwa kiasi cha kuchekesha. Alibeba mpira mrefu wa plastiki unaoonyesha ndani, umejaa maji. Alishika ncha moja katika chumba hiki, Hamisi akashika ncha nyingine katika chumba kile, wakawa wanapigiana kelele kupitia ukuta mpaka maji yatulie pande zote mbili, kisha wanachora. Kufikia jioni nyumba nzima ilikuwa imezungukwa na mstari wa penseli, kimo cha kiuno changu, haupandi wala haushuki. "Huyu ndiye mkubwa wa nyumba," Fundi aliniambia. "Sisi wote tunamsikiliza yeye." Kutoka kwenye mstari ule alipima kwenda chini: hapa zitakaa marumaru, hapa simenti ya kuzilaza, hapa simenti ya kusawazisha, mpaka akagusa zege. Kisha akaipima milango, akatikisa kichwa, akapima tena. Lenta, ile boriti ya zege juu ya milango, ilikwisha kumwagwa, haisogei. Milango ilikwisha kuchongwa, na Hamisi hakutaka randa iiguse. Kilichobaki kuamuliwa kilikuwa sakafu peke yake. Ikipanda unene wa kidole mlango haufunguki, ikishuka mlango unaning'inia paka anapita.

"Na kile cha mwisho, cha Mama," Fundi akasema, "hakina zege. Tukimwagie kifikie wenzake?"

Mama alikuwa mkekani akichambua maharage. Alijibu yeye kabla ya mwanawe.

"Kile kiacheni udongo."

"Udongo, Mama?"

"Udongo. Nitahitaji ufuo."

Kwetu Ujiji maiti akioshwa nyumbani, kitanda cha kamba huwekwa chumbani mwake, na chini yake huchimbwa shimo refu la kina cha goti. Hilo ndilo ufuo. Maji yote yaliyopita mwilini mwake huingia humo, na udongo ule ule uliotolewa hurudishwa juu yake. Maji yale hayamwagwi hovyo, hayakanyagwi, hayaonwi na mtu asiyehusika. Ndiyo sitara ya mwisho anayopewa mtu nyumbani kwake. Mama yake Mama na dada zake wote walioshewa juu ya udongo wa vyumba walivyolala, na hakuwahi kufikiri kwamba itakuja siku mtu aombe ruhusa ya kuwa na udongo chini ya kitanda chake. Leo nyumba za Kigoma na Ujiji nyingi zina marumaru, misikiti imejenga vyumba vya kuoshea vyenye bomba na mfereji, na vijana ukiwatajia ufuo wanakutazama tu. Sina ugomvi na vyumba vile, ni safi na vina heshima. Lakini mwaka ule sisi tulikuwa katikati. Nyumba zilikuwa zimekwisha kubadilika na maiti walikuwa bado wale wale.

"Mama, hayo tusiyazungumze," Hamisi akasema.

"Nani ameyaanza? Fundi ameuliza sakafu, nimemjibu sakafu."

"Umeambiwa upumzike. Utapona."

"Haya, nikipona utaweka hizo marumaru zako. Kwa sasa kiache."

"Simchimbii mama yangu shimo na yeye anakula!" Sauti ilimpanda mpaka Fundi akageuka kutazama dirishani.

Mama hakupandisha yake. Alitupa kijiwe alichokipata kwenye maharage, akasema, "Sijakuambia uchimbe, Hamisi. Watachimba wengine. Wewe uniachie tu pa kuchimba."

Nikaingia jikoni kwa kisingizio cha moto. Nilikuwa upande wa Mama tangu siku ile, na sijaondoka upande huo. Hata hivyo, nikitazama nyuma, namwona pia kijana aliyekuwa akiombwa na mama yake akubali, kwa mdomo wake, mbele ya fundi, kwamba mama atakufa. Alikuwa ameombwa kupima kifo kwa futi pamoja na milango. Wengi wangeshindwa.

Baadaye niliwapelekea chai ya tangawizi barazani nikawakuta wameinamiana. Fundi Laurenti ndiye aliyekuwa akizungumza. "Bwana Hamisi, mimi nimefanya kazi Dar kwenye nyumba moja, sakafu moja kutoka barazani mpaka jikoni. Hakuna kingazi, hakuna kizingiti. Mguu hauulizi. Hapa Kigoma hakuna aliyeiweka, ego, ndiyo, nakuambia mimi ninayezijua. Sasa unataka nikuwekee shimo mwisho wa korido?" Hamisi akamwambia kwamba yeye hakutaka kizingiti kwa sababu nyingine. "Mama miguu anaiburuta. Akijikwaa, na lile tumbo..." Hakumaliza. Hivyo mmoja alitaka uzuri, mwingine aliogopa mama asianguke, wakakubaliana pasipo ubishi. Fundi alikuwa Mkristo wa milimani, kwao maiti huoshwa na kutiwa sandukuni, na kwake jambo la ufuo lilikuwa kama kutaka kwa mgonjwa, kitu cha kuitikiwa kwa upole mpaka kisahaulike. Waliamua chumba kile kiachwe cha mwisho kutiwa marumaru. Mama aliambiwa kwamba kitaachwa. Neno "cha mwisho" hakuambiwa.

Akahamia humo. Mlango wake ulitundikwa kwa kufuata ule mstari wa penseli, yaani kwa kufuata sakafu ambayo haikuwepo, kwa hiyo chini yake palibaki uwazi wa kupitisha ngumi. Mama aliupenda uwazi ule. Alisema unamletea upepo wa ziwani na harufu ya mboga, na anajua nani anapita kwa kuona nyayo. Mimi pia niliupenda, kwa sababu nilipokuwa nikifagia korido nilisikia kila kilichosemwa ndani. Bi Zainabu, muosha maiti wa kike aliyekua na Mama Ujiji, alikuja mara kwa mara na mfuko wa kashata, na wale vikongwe wawili walipanga kuoshwa kwa Mama kama watu wanaopanga harusi.

"Kichwa utakiweka huku," Mama alisema.

"Huku? Nitageukia wapi mimi na makalio haya?"

"Si utahamisha kabati!"

"Nani ahamishe, mimi? Hilo kabati lako lenyewe linahitaji kuoshwa na kuzikwa."

Wakacheka mpaka Mama akashika tumbo. Kisha sauti ya Mama ikabadilika. "Zainabu, usikubali wanitoe nje kwenye macho ya watu. Nimejisitiri maisha yangu yote." Bi Zainabu akasema, "Udongo si huu hapa? Nitakusitiri." Nilisimama pale na fagio langu, machozi yananitoka, nina hasira bila kujua ninamkasirikia nani.

Miezi ile marumaru zilitembea ndani ya nyumba. Zilianzia barazani, zikaingia sebuleni, zikakata kona kwenye korido. Fundi alizilaza kwa magoti, shavu karibu na sakafu, anafumba jicho moja, anagonga kwa nyundo ya mpira, anaita watu waje waone. Ukweli ilikuwa kazi nzuri. Ungemwaga punje za mchele sebuleni zisingejua pa kwenda. Majirani walivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Hamisi alifurahi kama mtoto, na mimi mwenyewe nilikuwa nikideki huku naimba, sitasema uongo. Marumaru zilifika mpaka mlangoni kwa Mama zikasimama, na hapo paliachwa shuko la kwenda chini kwenye udongo, ambalo Mama alilishuka kila siku akijishika kwenye fremu. Hakuwahi kuanguka.

Karibu na masika alizidiwa, tukamlaza. Nilikaa naye wodini, nalala chini ya kitanda chake juu ya khanga, namnywesha uji wa ulezi kwa kijiko, na ndani ya siku zile chache Hamisi hakuja kumwona isipokuwa mara moja, mikono yake imekauka kwa simenti. Niliiona ile mikono. Niliielewa. Nikamtazama Mama kama naye ameiona, naye alikuwa amefumba macho.

Tulipomrudisha, Hamisi alimshika kiwiko kutoka barazani, akamwongoza polepole sebuleni, korido, mpaka mlango wa mwisho, akaufungua. Chumba kilikuwa cheupe. Marumaru nyeupe zenye ua dogo la bluu pembeni, alizozichagua mwenyewe, zimeungana na za korido bila alama. Lile shuko halikuwepo tena. Mlango ulipofungwa haukubakisha chini nafasi zaidi ya kupitisha ncha ya kidole. Kulikuwa na kitanda kipya na godoro bado limo kwenye nailoni.

"Mguu hauulizi, Mama," Hamisi akasema, na sauti yake ilijaa furaha na woga mpaka nilishindwa kumtazama.

Mama alisimama pale peku. Niliona vidole vyake vya miguu vikijikunja.

"Baridi," akasema.

"Tutakutandikia zulia."

Kisha akainua mkono akamshika mwanawe kisogo, kama anavyoshikwa mtoto. "Pazuri. Umenipambia, mwanangu. Mungu akulipe."

Nilitamani ampige kofi. Mpaka leo nikikumbuka natamani hivyo, ingawa sasa najua kwamba yale maneno yalikuwa makali kuliko kofi, na kwamba aliyasema kwa mapenzi matupu. Mchana ule nilikuwa nikimpaka mafuta miguuni ndipo aliponiuliza, macho yake yako darini, "Sasa mtaniosha wapi?"

"Mama, usiseme hivyo."

"Nawe umeanza kusema kama yeye?"

Nikaona aibu. "Sijui, Mama," nikasema.

"Hilo ndilo jibu," akasema, akanipapasa mkono.

Dada yake Hamisi, wifi yangu Mwamvita, alikuja kutoka Ujiji kesho yake, akakiona chumba, akamfuata ndugu yake jikoni. Nilikuwa uani natwanga, nikaacha mchi.

"Umemziba Mama!"

"Nimemjengea, dada."

"Alikuomba kitu kimoja. Kimoja, Hamisi! Hakukuomba nyumba, hakukuomba milango. Vunja hizo marumaru mbili tatu za katikati."

"Fundi anasema ukivunja pale, nyufa zitakimbia mpaka korido."

"Zikimbie!"

"Mama atapona," Hamisi akasema.

Mwamvita alianza kucheka, kicheko kile cha mtu aliyeishiwa, halafu kikageuka kilio, halafu nikamsikia Hamisi naye. Walilia pamoja wameegemea ndoo za maji. Walipomaliza walifanya shauri kama watu wazima. Ataoshewa uani, nyuma ya jiko, ambako kulikuwa na udongo. Nyumba za juu ya kilima zilikuwa zikiuona uani wetu wote, kwa hiyo wangezungushia turubai na khanga pande zote na juu pia. Mwamvita ndiye aliyekwenda kumwambia Mama. Alinisimulia kwamba Mama alisikiliza mpaka mwisho, akasema tu, "Uani tunachinjia kuku," kisha akaongeza, "Haya. Nitakwenda mtakaponibeba."

Baada ya hapo alikwisha haraka. Alikataa zulia. Alikataa samaki, akakataa uji, akabakiza maji ya kuchovya pamba. Fundi Laurenti alikuja kumjulia hali akakaa kwenye kiti mlangoni, kofia mapajani, na niliona macho yake yakishuka kwenye sakafu yake kukagua maungio, hata pale. Mama naye aliona. "Fundi, umeiweka sawa kweli," alimwambia kwa sauti ya kupotea. "Ahsante, Mama," akajibu, na uso wake ukang'aa, maskini. Hakujua alichokuwa akishukuru.

Mama alifariki asubuhi, mvua inanyesha. Ilikuwa mvua ya masika, ile isiyopumua, na ilikuwa imeanza kabla ya alfajiri. Wanaume walichukua majembe wakaenda uani chini ya turubai, na nilipowapelekea taa ya karabai kwa sababu ya giza la mawingu niliwakuta wamesimama wanatazama chini. Shimo lilikuwa linajaa. Maji hayakutoka juu peke yake, yalikuwa yanatoka ardhini, maana ziwa ni pale pale, na kila jembe lilipoingia yalipanda zaidi. Bi Zainabu alifika amelowa mpaka kwenye ushungi, akatazama lile dimbwi la tope, akauliza, "Hapa mnataka nimwoshe au nimzamishe?" Akageuka, akaingia ndani, akaenda moja kwa moja kwenye chumba cha mwisho. Aliiangalia sakafu kwa muda. Hakuwa ameiona tangu iwekwe. Akaniambia kwa upole, "Kumbe."

Hamisi alikuja na mtalimbo. Sijui aliuokota wapi. Alisimama mlangoni, uso umevimba, akauinua juu ya zile nyeupe zenye maua, na mama yake amelala pale, amefunikwa shuka, hatua moja kutoka ncha ya chuma.

"Utapiga chuma kichwani kwa mama yako?" Bi Zainabu akamwambia. "Watu wamefika. Maiti hacheleweshwi. Weka chini, Hamisi, nenda kakae na wenzako."

Akauweka chini taratibu sana, asije akachubua sakafu. Hilo nalo niliona. Kisha akaenda sebuleni kwenye mikeka, na wanaume wakaanza kusoma Yasini.

Tukafunga mlango. Tulikuwa Bi Zainabu, Mwamvita na mimi. Tuliweka karai na mabeseni chini ya kitanda cha kamba, na Mwamvita akakunja khanga kuibana chini ya mlango, lakini nafasi ile ya Fundi ilikuwa nyembamba hata khanga iliyokunjwa isiingie, akailaza tu pale mbele. Nilimimina, Bi Zainabu akaosha, mikono yake myepesi, anamwambia Mama maneno ya chini chini kama zamani kwenye kashata zao. Maji ya majani ya mkunazi yalipita mwilini, yakapenya kwenye kamba, mengine yakaingia kwenye karai, mengi yakaruka nje. Karai lilijaa, tukaingiza beseni, nalo likajaa. Sakafu nyingine ingeyapeleka maji mahali fulani, kwenye pembe, kwenye ufa. Hii haikuwa na mwinamo wala pembe ya chini. Ilikuwa vile vile Fundi alivyoahidi. Maji yalisimama juu yake, yakatanuka pande zote bila haraka, yakafunika yale maua, yakafika kwenye khanga, yakailowesha, yakapita.

Tulijua yamepita kwa sababu Yasini ilikatika. Ilikatika sauti moja moja, kuanzia zile za karibu na korido. Nikasikia miguu ikijivuta, mikeka ikiburutwa, mtu mmoja akisema "Astaghfirullah," kisha sauti ya Hamisi, kavu, "Endeleeni kusoma. Nasema endeleeni." Halafu, pembeni mwa khanga iliyolowa, mwanga uliokuwa ukipita chini ya mlango ulizibwa. Niliona kitambaa cheupe kikisukumwa kwenye ule mwanya kutoka upande wa pili, kikibadilika rangi, na nikakitambua kuwa ni kanzu yake, ameivua mbele za watu. Ncha za vidole vyake zilitokeza kidogo chini ya mti wa mninga. Alikuwa amepiga magoti, anayazuia maji ya mama yake kwa mikono.

Bi Zainabu aliviona vile vidole. Alikuwa amemaliza mwosho wa kwanza, ule wa lazima. Ilibaki miwili ya sunna, na maji ya karafumaiti yalikuwa tayari kwenye ndoo, vuguvugu, nimeyachanganya mwenyewe. Nikajaza kata nikampa. Aliishika juu ya kifua cha Mama, akatazama mlango, akatazama maji yaliyokuwa yameizunguka miguu ya kitanda. Kule nje Hamisi alikuwa akisema "Mama, Mama," taratibu, kama mtu anayebisha hodi.

Bi Zainabu akairudisha kata ndooni.

"Yametosha," akasema. "Nipeni sanda."

Hayakutosha. Sote watatu tulijua hayakutosha, na hakuna aliyembishia. Mwamvita akafungua sanda, nami nikaisogeza ndoo pembeni, imejaa.